Nguva wa Kapsoit

Alhamisi ile, saa nne asubuhi, Chepkemboi alijikuta ametundikwa nje ya ukumbi wa video wa Benard, mkubwa kuliko mlango, akiwa na mkia wa samaki.

Alikuwa amekuja Kapsoit kununua sukari na unga wa ngano. Jumamosi wageni wangefika kwa baba yake kumposa, na hawakuwa wageni wa mtu mwingine ila wa Mosoti, mwanamume aliyempenda miaka miwili mpaka akachoka kumpenda kwa kujificha. Kwa hiyo njiani alikuwa na furaha yake, anaitembeza polepole kama mtu aliyebeba maziwa. Ndipo akaona watu wamejazana mbele ya ubao ambao bado ulikuwa unanuka rangi.

Bahari ilikuwa ya buluu kali, ile buluu ya milango ya maduka. Katikati yake mwanamke ameibuka mpaka kiunoni, na chini ya maji mkia wa kijani umejikunja. Picha za namna hiyo hazikuwa kitu kigeni siku hizo. Kanda za filamu za nguva zilikuwa zimeingia Kericho zikawapiga kumbo mabingwa wa karate, na hata saluni ya Judy ilikuwa na kalenda ya nguva anayejichana nywele juu ya jiwe. Lakini nguva wote hao walikuwa na nyuso za Kizungu. Huyu wa Benard alikuwa na mwanya kati ya meno ya juu na kovu dogo juu ya jicho la kulia. Alikuwa Chepkemboi binti Kipkurui, na hakuna mtu wa Kapsoit aliyehitaji kuambiwa.

"Kumbe wewe ni wa baharini," mama mmoja muuza mboga akamtania, na kwa kweli hakuwa na ubaya.

Mwanamume aliyesimama nyuma yake ndiye aliyemalizia. "Ndiyo sababu anatembeanga vile."

Watu wakacheka. Halafu wakakumbuka yuko pale, wakaacha kucheka, na kule kuacha ndiko kulikouma zaidi.

Polio ilimpata Chepkemboi akiwa na miaka minne. Mguu wa kushoto ulibaki mwembamba, unyayo umegeukia ndani, na kila hatua ilimbidi asukume goti kwa mkono. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, na yote yanayoweza kusemwa juu ya mguu alikuwa ameshayasikia. Alichokuwa hajawahi kuona ni mtu anayempenda akiuondoa mguu wenyewe, akaweka mkia mahali pake, kisha akautundika kando ya barabara. Maana hakukuwa na haja ya kuuliza mchoraji ni nani. Ng'ombe wote wa mabucha ya Kapsoit na mikasi yote ya vinyozi ilikuwa kazi ya mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa wa Mosoti.

Alinunua sukari na unga kama alivyotumwa, akarudi kwa njia ya nyuma ya maduka.

Habari zina miguu mizima kuliko yake, kwa hiyo zilifika nyumbani kabla. Alimkuta senge Rodah, dada ya baba yake, amesimama mlangoni na mikono kiunoni. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mwanamke wa maombi, na mwaka ule kanisani kwake palikuwa na kaseti za ushuhuda zilizopokezanwa mkono kwa mkono, za watu waliosema walifika chini ya bahari wakaona wanawake-samaki wakitengeneza mikufu na mafuta ya uso ya kuwanasa wasichana. Senge Rodah alikuwa amezisikiliza zote, na mkufu wake wa harusi alikuwa ameshautupa chooni.

"Hiyo si picha tu," alisema. "Huyo kijana amekuandikisha huko chini. Ukiolewa na yeye utazaa nini?"

"Senge, ni ubao wa sinema."

"Hata nyoka wa Hawa alikuwa mnyama tu."

Baba yake, mzee Kipkurui, hakuwa mtu wa maneno mengi. Tangu mwanzo hakumtaka Mosoti. Hakuwa na chuki na Wakisii, watu wa Mosoti, aliishi nao na kuuza maziwa kwao. Alichosema ni kwamba binti akienda kwa watu wa mbali, hakuna wa kukuletea habari kama amekula. Kilichomlegeza ni watu wake mwenyewe. Familia mbili zilikuwa zimeshakuja kuposa, ya kwanza kutoka Ndanai, ya pili kutoka jirani kabisa. Kila mara walikunywa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, wakasifu ng'ombe, wakamwona Chepkemboi akiingia na sinia ya vikombe, sinia inayumba na yeye anayumba. Kisha wakaaga vizuri na hawakurudi, wala hawakutuma neno.

Jioni hiyo mzee alimwita nje, kando ya zizi.

"Senge yako anaogopa shetani," alisema. "Mimi siogopi shetani. Mimi nauliza kitu moja. Mtu akikaa chini kukuchora, si anachora kile anaona? Amekuchora bila miguu."

Ndilo neno Chepkemboi alilokuwa amerudi nalo kutoka Kapsoit.

"Jumamosi watakuja. Nilishakubali, na mgeni harudishwi akiwa njiani. Lakini desturi unaijua. Nitakuuliza mbele yao, hawa watu unawajua? Ukisema unawajua, tutaongea. Ukisema huwajui, watakunywa chai waende. Na sitauliza mara ya pili."

"Na wewe baba, ungetaka niseme nini?"

Mzee alimtazama ng'ombe wake muda mrefu. "Mimi nataka useme wewe."

Usiku huo Chepkemboi alijaribu neno lile moja, siwajui, na kila alipolisema kimoyomoyo aliona lilivyo jepesi. Lingetoka bila taabu. Ni kesho yake na siku zote baada yake ambazo hakuweza kuziona.

*

Ijumaa mchana alikwenda kumtafuta.

Mosoti alikuwa juu ya ngazi kando ya ukumbi, anaandika saa za maonyesho. Alipomwona alishuka haraka, brashi mkononi, na usoni ana tabasamu la mtu anayengoja kushukuriwa. Alikuwa mrefu, ana doa la rangi ya buluu sikioni, na Mungu amsamehe Chepkemboi, hata katika hasira yake alitaka kunyoosha mkono alifute lile doa.

"Umeona?" Mosoti akauliza.

"Kapsoit yote imeona."

Tabasamu likakwama. "Hukupenda."

"Mosoti, mguu wangu uko wapi?"

Aliangalia ubao, akamwangalia yeye, akauangalia ubao tena. "Ni nguva," alisema. "Nguva hana..."

"Najua nguva hana miguu. Mimi ninayo. Moja nzima na moja mbaya. Kulikuwa na wanawake wangapi wa kuchora hapa? Judy wa saluni yuko. Dada zako wako. Ukawapita wote ukatafuta yule kiwete, ukasema huyu atafaa."

"Usijiite hivyo."

"Sijajiita. Nimeitwa, jana, hapo umesimamisha ngazi. Na wewe ndiye uliwapatia picha ya kuangalia wakisema."

Mosoti aliweka brashi chini. Ndani ya ukumbi onyesho la mchana lilikuwa linaendelea, na kupitia mabati walisikia maji ya kwenye filamu yakivuma na watu wakipiga mbinja. Alizungumza taratibu, akichagua maneno. Benard alimpa kanda aitazame ili ajue anachora nini, na yeye aliitazama mara tatu. Mkia wenyewe ulikuwa wa mpira, alisema; yule mwanamke akigeuka unaona zipu. Wakimtoa nchi kavu hajui kitu, anaanguka, watu wanamcheka. Lakini wakimrudisha majini hakuna anayemfikia.

"Na huyo ndiye mimi."

"Ukiwa shambani ndani ya chai, ndiyo. Ndiye wewe."

Chepkemboi alijua anasema habari ya siku gani. Miaka miwili nyuma Mosoti aliitwa kupaka upya kibao cha kituo cha kupimia majani ya chai, mpakani mwa shamba la Kipkurui. Kibao kilikuwa na herufi tisa, akazipaka kwa siku tano. Kila alipotazama chini kutoka kwenye ngazi alimwona msichana amezama katika chai mpaka kiunoni, mikono inaruka juu ya vichipukizi, kikapu mgongoni, anamaliza mstari wake wakati wengine hawajafika nusu. Vichaka vilivyosongamana vilimshika pande zote, naye akavitumia kujisukuma kwa nyonga. Ndani ya chai Chepkemboi hakuwa anachechemea. Yeye mwenyewe aliipenda chai kwa sababu hiyo, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

"Siku nne sikujua una miguu gani," Mosoti alisema. "Siku ya tano ukatoka kwa mstari nikaona. Nikaona pia sikuwa nimebadilika."

Moyo wa Chepkemboi ukaanza kulegea, na ndipo swali jingine lilipomjia, lile lililokuwa limelala chini ya yote.

"Mama yako anajua?"

"Anajua nini?"

"Usinizungushe. Kesho mama yako anaingia kwa baba yangu. Umemwambia kuhusu mguu?"

Mosoti alijikuna shingo.

"Sikuona kama ni kitu cha kutangaza," alisema. "Mtu atasemaje, mama, nimepata msichana, halafu aanze na mguu?"

"Hukuanza nao, sawa. Miaka miwili, Mosoti. Hata kumaliza nao hukumaliza."

"Niliogopa." Alilisema wazi, na pengine hilo ndilo lililomwokoa asiachwe palepale. "Niliogopa atasema hapana kabla hajakuona."

"Basi umenificha mara mbili. Hapa kwa barabara, na kwa mama yako pia."

Machozi yalikuwa karibu, naye hakutaka kumpa. Mosoti hakubisha. Alichukua kitambaa, akakilowesha mafuta ya taa, akapanda ngazi. "Naifuta," alisema. "Sasa hivi. Kesho mkipita hapa hakutakuwa na kitu."

Akaanza kona ya chini, na Chepkemboi akaufuata mkono wake kwa macho. Tangu jana alikuwa ameutazama uso tu, kwa sababu uso ndio uliomuumiza. Mkia hakuwa ameuangalia. Sasa aliuangalia, na akaona hauna magamba.

Ulikuwa aproni. Ilikuwa ile aproni nzito ya nailoni ambayo wachumaji wote hujifunga kiunoni alfajiri, inayofika karibu na vifundo vya miguu, ili umande usiwaloweshe. Ikishalowa hung'aa na kubana mwili. Kamba yake ilikuwa imefungwa kiunoni kwa fundo la upande wa kushoto, anavyofunga yeye. Chini ya goti kulikuwa na kiraka cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa vibaya. Kiraka hicho alikibandika mwenyewe mwezi wa kwanza, aproni iliponasa kwenye kisiki cha chai iliyopogolewa. Akashuka kwa macho mpaka mwisho, pale mkia ulipogawanyika kuwa mapezi mawili. Pezi la kulia lilikuwa pana, limenyooka. La kushoto lilikuwa jembamba, fupi kidogo, na limegeukia ndani.

"Mosoti."

"Naifuta, nimesema."

"Mbona pezi moja ni ndogo?"

Alitazama alichokuwa amechora kama mtu aliyeulizwa mbona anga liko juu. "Si ndivyo ulivyo," alisema, na hakujua hata kidogo kwamba amejitetea.

Chepkemboi alisimama pale, kitambaa cha mafuta kikiwa nusu mkono kutoka kwenye ule mguu wake uliopakwa rangi ya kijani. Aliupenda uso wa mtu huyu mpaka ukamtia uchungu, na hasira yake ilikuwa bado nzima. Vyote viwili vilikaa pamoja na havikugombana.

"Iache," alisema.

"Picha?"

"Iache. Lakini mama yako mwambie. Leo."

"Nitamwambia."

"Kesho baba ataniuliza kama ninawajua. Mosoti, mimi sijui nitajibu nini."

Akaondoka bila kumpa mkono, na nyuma yake hakusikia mtu akishuka ngazi.

*

Jumamosi senge Rodah alifika mapema na gauni aliloshona mwenyewe, refu mpaka sakafuni. Mpango alikuwa nao tayari. Chepkemboi angekuwa ameketi kwenye kochi la pembeni kabla wageni hawajaingia, meza ndogo mbele yake, shuka juu ya magoti. Binti wa jirani angepeleka vikombe.

"Hutasimama," alisema, akimbana nywele. "Waone uso kwanza. Hiyo ingine wataona wakishazoea."

"Hiyo si kudanganya, senge?"

Mkono wa senge ulisimama juu ya kichwa chake. "Nimekuona ukilia mara mbili," alisema polepole. "Ya tatu sitaki kuona." Na sauti yake haikuwa ya mtu wa kaseti wala ya maombi. Ilikuwa ya mama, na Chepkemboi hakuwa na moyo wa kumpinga.

Akaketi. Senge akatandaza shuka, akarudi nyuma kutazama, akaridhika. Chepkemboi akajitazama naye. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa msichana mzuri aliyepambwa. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakukuwa na mtu. Mosoti alimchora na mkia akaacha mguu wake ndani ya mkia. Hapa, kwao, na watu wanaompenda, mguu ulikuwa umefutwa kabisa.

Wageni waliingia na manyunyu. Mbele alikuwa mama Bilhah, mamake Mosoti, mwanamke mfupi mwenye mgongo ulioinama kwa miaka ya kubeba kikapu katika mashamba makubwa ya chai. Nyuma yake mzee Nyaberi, mjomba, amevaa koti la ibada. Mwisho Mosoti. Chepkemboi alimtafuta macho. Mosoti aliangalia kalenda ukutani, akaangalia viatu vyake, na alipomwangalia yeye hatimaye, macho yale yalisema yote. Hakuwa amemwambia mama yake.

Sala ikafanywa. Mursik ikamiminwa. Wazee wakaulizana ukoo kama inavyotakiwa, na mzee Kipkurui akafurahi kidogo aliposikia kwamba nao Wakisii kila ukoo una mnyama wake. Akauliza wa kwao ni nani. Mzee Nyaberi akajibu kwa heshima kwamba ni kiboko. Senge Rodah aliposikia mnyama wa majini tena, alifumba macho na midomo yake ikaanza kutembea. Mama Bilhah alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na anamtazama Chepkemboi, juu, halafu chini, pale kwenye shuka, halafu juu tena.

Mzee Kipkurui akakohoa. Nyumba ikatulia.

"Chepkemboi. Hawa watu unawajua?"

Desturi ilikuwa ajibu palepale alipo. Neno lile jepesi lilikuwa tayari kwenye ulimi, na hata senge alikuwa amegeuza uso wake kulipokea. Chepkemboi akaliondoa shuka magotini, akalikunja mara mbili, akaliweka mezani. Akaisukuma meza.

"Lakwet, mwanangu, kaa," senge akanong'ona, na kumshika gauni.

Alisimama. Alilinyanyua gauni kwa mkono mmoja ili asijikwae, na mkono wa pili akauweka gotini, akatembea. Kutoka kochi lile mpaka benchi la wageni ni hatua saba kwa mtu mwingine. Kwake zilikuwa kumi na moja, na kila moja ilisikika kwenye sakafu ya saruji, wa kulia unapiga, wa kushoto unaburuta. Alimpita Mosoti bila kumtazama, akasimama mbele ya mama Bilhah.

"Mama," alisema, "kabla sijamjibu baba, wewe niangalie vizuri. Wengine waliangalia wakaenda. Kama ni kwenda, uende kabla sijajibu, ndio nisiseme nawajua watu ambao hawanijui."

Mama Bilhah aliangalia. Hakujifanya haoni, kama wale wa Ndanai waliokodolea macho dari. Aliutazama mguu kuanzia goti mpaka unyayo, kwa makini, jinsi mchumaji mzee anavyokagua kichaka. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Mosoti. Jana ulikaa jikoni kwangu mpaka ugali ikaungua. Unasema mama, mama, halafu unanyamaza. Ni hii ilikushinda?"

"Ndiyo, mama."

"Kitu mtoto wa wenyewe amebeba miaka yote na mwili, wewe imekushinda kubeba na mdomo siku moja."

Mosoti aliinamisha kichwa. Lile doa la buluu lilikuwa bado sikioni.

Mama Bilhah akaweka kikombe chini, akamshika Chepkemboi mkono, ule aliokuwa ameuweka gotini. Viganja vyao wote wawili vilikuwa vigumu na vyeusi kwa utomvu wa majani.

"Asubuhi tumepita Kapsoit," alisema. "Huyu Nyaberi akanionyesha picha, akasema ndiye huyo bibi ya kijana wako. Mwanangu, nimekuja njia yote naomba. Nikasema, sasa naelewa kwa nini Mosoti anaogopa kuniambia. Nimechuma chai miaka thelathini, nimeona wasichana wa kila aina, lakini samaki nitamweka wapi?"

Mzee Nyaberi akajifanya ana kikohozi. Mama Bilhah hakucheka. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Kumbe una miguu," alisema. "Asante Mungu. Ana miguu."

Akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi kati yake na ukuta.

Chepkemboi hakuketi mara moja. Bado alikuwa na deni la jibu. Akageuka. Baba yake alikuwa anaangalia mvua kupitia dirisha kwa bidii kubwa, na taya yake inacheza.

"Baba, uliniuliza," alisema. "Huyu mama ninamjua. Mzee hapa ninamjua." Akamtazama Mosoti, na Mosoti akainua uso kama mtu anayesomewa hukumu. Alimwacha angoje kidogo. Alistahili kungoja. "Na huyu mwingine ninamjua mpaka uoga wake. Ninawajua wote."

Mzee Kipkurui akaitikia kwa kichwa, mara moja tu, na kuagiza mursik iongezwe.

Ndipo Chepkemboi akaketi mahali alipoachiwa, akanyoosha mguu wa kushoto mbele yake kama alivyozoea akiwa amechoka. Senge Rodah alikuwa amelichukua lile shuka mezani. Alisimama nalo katikati ya nyumba, akalitazama, akautazama mguu, kisha akaenda akamfunika nalo mama Bilhah mabega, maana alikuwa amelowa mvua.